Kuku wa Kumshukuru Madam Zuhura

Alhamisi, jioni. Upepo haujatulia tangu alfajiri. Vumbi la kipupwe cha Dodoma linaingia puani, linaingia kwenye madaftari, linaingia hadi kwenye chai. Nguo alizofua Mama asubuhi nimezianua zikiwa na rangi ya udongo. Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, nyumbani kwetu Area D, na simu ya Mama mkononi. Yeye yuko mazoezi ya kwaya. Bibi amejilaza kitandani kwangu na viatu miguuni, maana anasema sakafu ya saruji inamnyonya joto.

Nimechoka. Nimechoka kama mtu aliyeshinda shambani akivuna uwele, wakati leo sikushika jembe wala ndoo. Nilikaa tu kwenye kiti, nikazungumza.

Kuku amefungwa mguu kwenye kichanja cha vyombo. Ananitazama kwa jicho moja, halafu anageuza kichwa ananitazama kwa la pili, kama anayetaka kuhakikisha. Ni kwa sababu yake naandika.

Kwa wanaofika kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, na nina ugonjwa wa wasiwasi. Jina hilo nilipewa na Madam Zuhura, mnasihi wangu, na nililipokea kwa shukrani kwa sababu lilikuwa jepesi kuliko majina niliyokuwa nimepewa kabla. Mwaka jana nilikuwa nasoma habari mbele ya paredi, shule nzima imenyamaza, moyo ukaanza kukimbia bila kuniuliza. Vidole vikafa ganzi. Hewa ikagoma kuingia. Nikaanguka chini na karatasi yangu ya habari mkononi.

Wenzangu walisema ni mapepo. Shuleni kwetu msichana akianguka ni mapepo mpaka ijulikane vinginevyo, na mara nyingi hakuna anayengoja ijulikane. Baadaye walizoea, ikawa utani. Hata sasa tukipanga mstari kuna mwenzangu anayesimama mbele yangu husema, "Nyemo, leo ukianguka, angukia nyuma. Mimi nimepiga pasi." Nacheka pamoja nao. Kucheka ni rahisi kuliko kueleza.

Mama alinipeleka kupima malaria, kisha taifodi, kisha damu, kisha moyo wenyewe kwa ile mashine yenye nyaya. Kila kitu kizima. Mchungaji aliniombea, na sala ilinituliza kweli, lakini Jumatatu paredi ilikuwa palepale. Mwishowe daktari mmoja kijana akatuandikia twende kwa mnasihi, kwenye jengo la nyuma la hospitali. Mama alikunja ile karatasi mpaka ikabaki ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichokwisha. Katika mji wetu, mtu akisema umepelekwa kwa watu wa akili, husema huku akicheka. Siku ya kwanza tulizunguka upande wa kufulia nguo ili tusionekane.

Ndipo nikamkuta Madam Zuhura.

Ni mama wa makamo, mzaliwa wa hapahapa mjini, anavaa hijabu iliyobanwa kwa pini, na miwani anayoisahau kichwani kisha anaitafuta mezani. Nilimwita daktari. Akanisahihisha kwa upole: yeye hachomi sindano wala hatoi vidonge, kazi yake ni kusikiliza, na kunifundisha kuishi nyumba moja na hofu bila kuipa ufunguo. Kwa hiyo nikamwita Madam, kama ninavyowaita walimu wangu wa kike.

Nadhani nilikosea kuanzia hapo. Mtu nikishamwita Madam, nataka anipe alama nzuri.

Chumbani kwake kuna ngazi iliyochorwa ukutani kwa rangi ya bluu. Kwenye kipandio cha chini kabisa ameandika "Nimetulia", na kwenye cha juu kabisa "Sipumui". Ukiingia, mkishasalimiana, unaweka kidole pale hofu yako ilipofika wiki hiyo. Basi. Ndivyo anavyoanza na kila mtu. Ukuta umeshika alama za vidole vya watu wengi, na nilishaona zamani kwamba vipandio vya katikati ndivyo vichafu kuliko vyote, ila sikujiuliza kwa nini.

Wiki ya kwanza niliweka kidole karibu na juu. Ilikuwa kweli. Wiki ya pili nilishuka kipandio kimoja, na hiyo nayo ilikuwa kweli, kwa sababu alinifundisha kupumua kwa tumbo, na kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza muda wote ule bila kunikatiza. Madam alifurahi. Hakusema mengi. Alishusha miwani kutoka kichwani, akaitazama ngazi, akasema, "Umefanya kazi nzuri."

Wiki ya tatu ilikuwa mbaya. Niliweka kidole kipandio kimoja chini tena.

Sijui kama mtu asiye wa huku atanielewa. Mimi nimelelewa vizuri. Nimefundishwa kwamba ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Hata kwenye msiba ni hivyo. Habari za nyumbani, nzuri, ila tumefiwa. Ile "nzuri" ni mkeka unaomtandikia mgeni. Akishaketi ndipo unamwambia yaliyokupata. Kwa Madam Zuhura nilitandika mkeka kila wiki. Lakini ile "ila" yangu sikuitoa hata mara moja.

Ningeanzaje? Benchi la nje hujaa kila siku. Chakula chake cha mchana huwa kimefunikwa kwa sahani pembeni ya meza, na kimepoa. Macho yake yana weusi chini. Mimi darasani hata nisipoelewa Fizikia, mwalimu akiuliza tumeelewa, ninaitikia ndiyo pamoja na wengine, kisha naenda kuhangaika nayo peke yangu. Ndivyo nilivyofanya na ugonjwa. Kumwambia mtu mzima aliyejitahidi kwamba jitihada yake haijafika, mdomo wangu haujui kusema hivyo.

Nikawa nashuka kipandio kimoja kila Alhamisi. Kwa adabu.

Na hofu haikushuka. Jumanne wiki hii, katikati ya mtihani wa majaribio wa Baiolojia, ilinijia nikiwa nachora figo. Nilimwambia msimamizi tumbo linanisumbua. Nilikaa nyuma ya tangi la maji nimeshika kokoto viganjani mpaka zikaacha alama, nikarudi darasani wenzangu wanakusanya karatasi. Nusu ya yangu ilikuwa nyeupe. Mtihani wenyewe ni Novemba. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wiki iliyopita nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye "Nimetulia".

Nilipokiweka pale, Madam alisema Alhamisi ijayo tutaagana. Kuna msichana mwingine anangojea saa yangu. Nilisema asante. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mama alimpigia Bibi simu kijijini Haneti siku ileile, akamwambia nimepona. Siku zote hizi Mama amekuwa akipika huku anaimba. Bibi, kwa maelezo ya Mama, aliuliza jambo moja tu kwenye simu: huyo daktari anakula kuku?

Jana jioni akashuka stendi na kikapu.

Bibi ana taratibu zake, na haziombi maoni. Aliyekuponya hashukuriwi kwa mdomo mtupu. Alimpelekea kuku mkunga aliyemzalisha Mama. Alimpelekea kuku yule mzee aliyemnyoosha mkono uliovunjika alipoanguka kwenye mwamba. Nesi wa zahanati naye alipelekewa wake. Na kuku akishapokelewa, habari imeisha. Huwezi kurudi kwa mtu yule na ugonjwa uleule, maana utakuwa kama unayemdai. Jana usiku, tukila ugali na mlenda, alinieleza haya yote huku akimrushia kuku punje za mtama kutoka kwenye kiganja chake. Alisema kuku ndiye anayeufungia ugonjwa mlango kwa nje.

Nilimtazama yule kuku. Mweupe, ana madoa kifuani, mnene. Nikaona mlango unafungwa, na mimi niko upande wa ndani.

Leo Mwalimu wa malezi alinipa ruhusa kama kawaida. Bibi alikuwa ameshafika getini, amejifunga kanga mpya, kikapu mkononi, na kichwa cha kuku kimechomoza kinatazama shule yetu. Yule mwenzangu wa mstarini akapita. "Nyemo, umeletewa chakula cha mchana. Lakini hakijaiva." Hata Bibi alicheka.

Kwenye bajaji nilikuwa natunga sentensi kichwani. Madam, naomba nizungumze nawe. Madam, samahani. Zote zilianza vizuri na zote zikaishia njiani. Bibi alikuwa anamsimulia dereva jinsi mjukuu wake alivyougua na kupona, na dereva anaitikia Mungu mkubwa, Mungu mkubwa. Kila alipoitikia, sentensi yangu moja ilikufa.

Kwenye benchi alikuwepo msichana wa umri wangu na mama yake. Alikuwa anasugua kidole gumba kwa kidole cha shahada, harakaharaka, bila kujua kama anafanya hivyo. Nilikijua kile kidole. Nikajua ndiye anayesubiri saa yangu. Nikasema moyoni, basi, nyamaza Nyemo, mpe mwenzako nafasi. Ni jambo jema pia kunyamaza kwa ajili ya mtu mwingine.

Nakiri kwamba nilipata nafuu kidogo nilipoipata sababu hiyo. Ilifanana sana na wema.

Bibi hakukubali kusubiri nje. Aliingia kabla yangu, akasalimu "Mbukwenyi" kwa Kigogo kama anayeingia uani kwa jirani. Madam Zuhura aliinuka, akampa shikamoo, akamvutia kiti. Bibi hakuketi. Alimtoa kuku kikapuni kwa miguu, akamnyoosha juu ya meza, na kusema yale aliyotoka nayo Haneti.

"Huyu ni wako, mwanangu. Umemponya mjukuu wangu. Sisi hatuna kingine, lakini huyu anataga."

Madam aliduwaa. Akaanza kueleza kwamba taratibu za kazi haziruhusu kupokea zawadi kutoka kwa wagonjwa. Bibi akasema huyu si zawadi, ni shukrani. Madam akasema anaishukuru shukrani yenyewe. Bibi akasema shukrani ya mdomo hata kasuku anayo. Walikuwa wanabishana kwa heshima kubwa, wote wawili wameinamisha vichwa, na kuku katikati yao anapiga mabawa, na unyoya mmoja umetua kwenye sahani iliyofunika chakula cha Madam. Katika hali nyingine ningecheka mpaka nilie.

Madam alinigeukia, macho yake yanacheka, yanaomba msaada. "Nyemo, mwambie Bibi."

Alitaka nimweleze Bibi taratibu za hospitali. Ni hilo tu aliloniomba. Mimi ni mtoto mtiifu, nikafungua mdomo nimweleze Bibi.

"Bibi, usimpe," nikasema. "Sijapona."

Sijui ilitokea wapi. Sentensi zote nilizotunga kwenye bajaji, hiyo haikuwamo.

Kuku alinyamaza. Kuku akining'inizwa kichwa chini muda mrefu hunyamaza, najua, lakini kwa wakati ule niliona kama naye amesikia. Bibi aliendelea kumshikilia vilevile hewani. Na mimi moyo wangu ukaanza ile safari yake. Vidole. Midomo. Hewa. Nilijua kinachokuja na sikuweza kukizuia, na jambo la ajabu, nililowaza ni kwamba Madam hajawahi kuniona hivi. Alhamisi zote hizo nilifika kwake nimeoga, nimechana nywele, nimeshatulia. Alikuwa anatibu msichana mwingine.

Hakunionyesha ngazi. Alivuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akaniambia nikanyage sakafu kwa nguvu, nisipigane na pumzi, nimwambie tu ninasikia nini.

"Kuku," nikasema.

"Na nini tena?"

"Upepo. Bati linagonga."

"Na nini tena?"

Ilinichukua muda. "Bibi anapumua."

Alikuwa anapumua kwa kukwamakwama, Bibi wangu, kama mtu aliyepanda kilima. Nilimsikiliza. Nikasikiliza bati. Kidogokidogo miguu yangu ikarudi kuwa yangu.

Kilipopita, Madam alimwomba Bibi atusubiri nje. Bibi alimrudisha kuku kikapuni, akatoka. Nilitazama mgongo wake ukipita mlangoni na nikajisikia vibaya kuliko nilivyojisikia nyuma ya tangi la maji.

Kisha nikasema yote. Wiki ya tatu, ya nne, zile nyingine, figo niliyoiacha nusu. Nilisema nikitazama sakafu. Nilipomaliza nilisikia kalamu yake haiandiki.

Nilitegemea akasirike. Au atabasamu lile tabasamu la watu wazima la kusema hakuna shida. Hakufanya hata moja. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya hijabu, akakaa nayo mkononi.

"Mgonjwa hashuki hivi, Nyemo," alisema. "Anashuka, anapanda, anashuka tena. Wewe ulikuwa unashuka kama mtu anayetoka ghorofani. Niliona. Nikaliacha." Aliigeuza miwani mkononi. "Nina wengi wanaopanda. Nilipenda kuwa na mmoja anayeshuka."

Sijawahi kumsikia mtu mzima akisema jambo kama hilo. Mwalimu hajawahi kuniambia, wala mchungaji, wala Mama. Ilinitisha, na hapohapo mdomo wangu ukaanza kazi yake. Nikamwambia hapana, Madam, umenisaidia sana, yale mazoezi ya kupumua yamenifaa, usiseme hivyo.

Akainua mkono.

"Unaona? Umeanza tena. Unanihudumia."

Alinieleza polepole, na nitajaribu kuandika hapa kadiri ninavyokumbuka, maana nataka nirudie kusoma. Alisema chumba kile kina mgonjwa mmoja tu. Yeye akichoka, au akikosea, wapo wakubwa wake na wenzake wa kumwuliza na kumsikiliza. Si mimi wa kumbeba. Kumfurahisha si sehemu ya matibabu yangu. Nikija na wiki mbaya sijamwangusha, nimemletea kazi aliyokuja kuifanya. Nikamwuliza, na yule msichana wa nje? Akasema yule atamtafutia saa yake, na kutafuta saa ni kazi yake, siyo yangu. Alisema hivyo kwa ukali kidogo, na ule ukali ulinipumzisha. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ulikuwa unanivua mzigo kichwani badala ya kuusifia.

Kuhusu mtihani, aliniuliza kama naruhusu azungumze na Mwalimu wa malezi. Aliuliza kweli, kama mtu anayeweza kukubali jibu la hapana. Nilisema naomba nifikiri. Akasema fikiri.

Tukakubaliana jambo moja. Shikamoo nitampa, maana bila hiyo nisingeweza hata kuketi. Lakini akishaniuliza habari za wiki, kwake niruke ile nzuri. Nianze moja kwa moja na "ila".

Kabla sijatoka niliiendea ngazi. Hakuniambia. Niliweka kidole juu, karibu kabisa na pale nilipoanzia. Kidole kiliacha doa dogo la jasho. Ndipo nikaelewa vipandio vya katikati vimechafuliwa na nini. Watu wamepita pale kwenda chini, wakapita tena kwenda juu, wakapita tena.

Nje nilimkuta Bibi kwenye benchi na yule msichana. Kikapu kilikuwa katikati yao. Msichana alikuwa ametuliza mkono mgongoni mwa kuku, na kile kidole gumba kilikuwa kimeacha kusugua. Nilitamani kumwambia neno. Sikujua neno gani. Nilimwambia tu kwamba anaweza kuingia, Madam si mkali.

Njia nzima Bibi hakusema. Hata dereva, ambaye hakuwa yule wa kwanza na hakujua lolote, alihisi akazima redio. Tuliposhuka hapa nyumbani ndipo akaniuliza, akiwa bado amesimama barabarani, vumbi linampiga.

"Kwa hiyo ulikuwa unamdanganya daktari."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mama yako."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nikapanda basi na kuku."

Nilisema samahani, Bibi. Aliinamia kikapu, akaingiza mkono, akamsogeza kuku asijikunje. Nilisubiri anifokee. Ningeona afadhali.

"Huyu harudi Haneti," akasema. "Nimeshamtaja kuwa ni wa daktari, na kitu kilichotajwa hakirudi bandani. Atakaa hapa. Wewe utamlisha. Siku ukipona kweli utampeleka wewe mwenyewe, akikataa kumpokea, niite." Akatembea hatua chache, akageuka. "Na mama yako asije akamchinja Krismasi."

Nilimwambia huenda ikachukua muda mrefu. Akasema kuku huyu bado mdogo.

Baadaye, nikimwekea maji ya kunawa, aliniuliza kama kile kinachonijia kinauma. Nilifikiri kwanza kabla ya kujibu, nikiwa najizoeza. Nikasema hakiumi sana, Bibi, ila kinachosha. Akasema "Ehe," akaniwekea kiganja chake chenye maji gotini, akakiacha hapo mpaka sketi ya shule ikalowa. Kisha akaenda kulala na viatu vyake.

Sijui Madam Zuhura amerudi nyumbani vipi leo. Najishika nikiwaza kama nimemsikitisha, kama amekula kile chakula, kama aliutoa ule unyoya kwenye sahani. Halafu nakumbuka: chumba kile kina mgonjwa mmoja. Nitalazimika kujikumbusha mara nyingi. Mtu hawezi kuacha adabu yake yote kwa siku moja, na sidhani kama ndicho alichoniomba.

Sijapona. Nimeandika neno hilo mara kadhaa leo na bado mbingu iko juu. Jumatatu kuna paredi. Hofu itakuja, naijua, inaijua njia. Lakini Alhamisi kuna mtu atakayetaka kujua ilikuja namna gani hasa, siyo nilijikaza namna gani. Kwa leo hilo linanitosha kuegemea, kama mtu anavyoegemea ukuta akiwa amechoka.

Kuku amekunja mguu mmoja, anasinzia. Nimempa maganda ya karanga, amechagua yaliyobaki na punje, ameacha mengine. Mama hajui kama yupo. Anadhani sasa hivi yuko kwenye chungu cha Madam Zuhura, na kwamba habari yangu imeisha. Nilimwuliza Bibi kama atanisaidia kumweleza. Amesema yeye ameshafanya sehemu yake, hii ni yangu.

Geti limelia. Ni Mama, bado anaimba ile sauti ya pili waliyokuwa wanaifanyia mazoezi. Atamwona kuku kabla hajaniona mimi. Atasimama. Kisha ataniuliza habari za kliniki, kwa ile sauti yake ya furaha, akingoja ile nzuri yake.

Naizima simu. Nitaanza na "ila".